Steki na wanga katika sahani moja: maswali yanayorudi kila mara

MLETA MADA

Ndugu wanajukwaa, ninaufungua uzi huu kwa sababu swali moja limekuwa likiulizwa kwa sura nyingi katika mada nyingine, na kila linapoulizwa hujibiwa kwa haraka, kisha mjadala ukahamia kwingine: je, ni sahihi kula steki pamoja na wanga katika mlo mmoja? Wapo wanaosema kwamba nyama na viazi hugombana tumboni, wapo wanaosema kwamba wanga ndio unaonenepesha na nyama haina kosa, na wapo wanaoshikilia kinyume cha hayo. Mimi si daktari. Ni mtu ninayependa kupika, na nimewahi kuwa muumini wa kundi la kwanza. Kwa karibu mwaka mzima nilikula nyama mchana bila hata kipande cha mkate, kisha jioni nikala viazi au wali bila nyama, nikiamini kwamba ninalipunguzia tumbo kazi. Nilipungua kilo kadhaa, nikaanza kuwashauri na wengine. Ilinichukua muda kukiri kwamba steki isiyo na kitu pembeni hukinaisha mapema, na wali mkavu haumshawishi mtu kuongeza, kwa hiyo nilikuwa nakula kidogo tu.

Kwanza tuliweke sawa neno lenyewe. Katika mazungumzo yetu, "wanga" hubeba mizigo miwili: kundi zima la vyakula vya kutia nguvu, sukari ikiwemo, na pia ile akiba nyeupe ambayo mmea huiweka katika nafaka, kunde na viazi. Hapa nitasema wanga nikimaanisha hiyo akiba ya mmea, yaani minyororo mirefu ya glukosi (aina ya sukari), na nitasema kabohaidreti nikimaanisha kundi zima. Tofauti hii si ya kujionyesha. Asali ina kabohaidreti nyingi lakini haina wanga, na mtu akiambiwa "acha wanga" anaweza kuacha viazi huku akiendelea kunywa soda kwa moyo mweupe.

Steki, kwa upande wake, haina wanga hata kidogo. Msuli wa ng'ombe aliye hai una akiba ndogo ya glikojeni, ambayo ni kama binamu wa wanga kwa upande wa wanyama, lakini baada ya kuchinjwa sehemu kubwa ya akiba hiyo hugeuka kuwa asidi ya laktiki, na asidi hiyo ndiyo inayoishusha pH ya nyama (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imeongezeka) kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5. Kinachofika jikoni ni maji, protini, mafuta, vitamini na madini. Gramu 100 za steki mbichi isiyo na mafuta mengi zina protini ya gramu 20 hadi 22 hivi, pamoja na madini ya chuma na vitamini B12, ambayo mimea haina.

Sasa hoja ya kugombana. Ilienezwa sana mwanzoni mwa karne ya 20 na daktari wa Marekani aliyeitwa William Howard Hay, aliyefundisha kwamba protini huhitaji asidi ili isagwe, wanga huhitaji mazingira yasiyo na asidi, na kwa hiyo vikikutana kimoja humharibia mwenzake kazi. Hoja hii inavutia kwa sababu nusu yake ni kweli. Kimeng'enya cha mate kinachovunja wanga hufanya kazi vizuri karibu na pH 7, na kile cha tumboni kinachoanza kuvunja protini huhitaji asidi kali. Kosa ni kudhani kwamba kazi hizo mbili hufanyika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Wanga huanza kuvunjwa mdomoni, protini huanza kuvunjwa tumboni, na vyote viwili humaliziwa katika utumbo mwembamba, ambako kongosho humwaga kwa pamoja vimeng'enya vya wanga, vya protini na vya mafuta, pamoja na maji ya kupunguza ile asidi. Kiungo kinachomimina dawa zote tatu katika bomba moja hakikuumbwa kwa ajili ya mlo wa kitu kimoja.

Na kama mchanganyiko ungekuwa sumu, maharage yangetushinda kabla ya steki. Punje moja ya harage imebeba wanga na protini ndani ya ganda lilelile, na hakuna kisu kinachoweza kuvitenganisha.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 2000 watafiti wa Geneva, nchini Uswisi, walichapisha matokeo ya jaribio la wiki 6 ambapo watu wenye uzito uliozidi walipewa kalori sawa, kundi moja likitenganisha vyakula kwa kanuni hiyo na lingine likila mlo wa kawaida uliochanganywa. Makundi yote mawili yalipungua, na tofauti ya maana haikuonekana. Nilipousoma utafiti huo niliona aibu kidogo kwa ushauri niliokuwa nimeugawa bure.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Nashukuru kwa maelezo, lakini mwili wangu unasema jambo tofauti. Nikila steki na chipsi, tumbo linakuwa zito mpaka usiku wa manane. Nikila steki na kachumbari peke yake, ninalala vizuri. Kama havigombani, uzito huu unatoka wapi?

MLETA MADA

Mwili wako hausemi uongo. Tunachobishania ni nani wa kulaumiwa. Chipsi si wanga peke yake. Kiazi kilichochemshwa karibu hakina mafuta, ilhali kiazi kilichokatwa vipande vyembamba na kuzamishwa katika mafuta ya moto hupoteza maji na kuyaingiza mafuta mahali pake. Ongeza steki yenye ukanda wa mafuta pembeni, ongeza na siagi iliyoyeyushwa juu yake, na utaona kwamba ulichokula ni mlo wa mafuta uliofichwa ndani ya nyama na viazi. Mafuta hulichelewesha tumbo kujimwaga, na gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, wakati protini na wanga vina 4 kila kimoja.

Fanya jaribio rahisi: chukua steki ileile kwa kipimo kilekile, uile na viazi vya kuchemsha vinavyoweza kukaa katika kiganja kilichokunjwa, na saa ya kula iwe ileile. Usiku ukipita salama, utakuwa umempata mshukiwa. Ukipata kiungulia au maumivu yanayojirudia hata kwa mlo mwepesi, hapo hatuzungumzii tena viazi, na mtu wa kumuona ni daktari.

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi nina swali la baba yangu, ambaye ana kisukari cha aina ya pili. Ameambiwa apunguze wanga, naye anapenda nyama na wali kuliko chochote. Nimesikia kwamba mpangilio wa kula, yaani kipi kitangulie, unaweza kubadilisha sukari ya damu. Je, ni kweli, au ni porojo za mitandaoni?

MLETA MADA

Shikamoo kwa mzee. Hili ni kati ya mambo machache ya mitandaoni yaliyo na msingi. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York, walichapisha jaribio dogo la watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili. Watu hao walikula mlo uleule siku mbili tofauti. Siku moja walianza na mkate na maji ya machungwa, na baada ya dakika 15 wakala kuku na mboga. Siku nyingine wakageuza, wakatanguliza kuku na mboga. Walipotanguliza protini na mboga, sukari ya damu ilikuwa chini kwa karibu asilimia 29 baada ya nusu saa, karibu asilimia 37 baada ya saa moja, na karibu asilimia 17 baada ya saa mbili. Hakuna kilichoondolewa sahanini. Zamu tu ndiyo iliyobadilishwa.

Sababu yake si ngeni kwa aliyesoma jibu langu lililotangulia. Protini na mafuta yakitangulia, utumbo hutoa homoni zinazolipunguzia tumbo kasi ya kujimwaga, hivyo wanga unaofuata hushuka kidogo kidogo badala ya kuporomoka kwa pamoja. Hali ileile inayomfanya ndugu hapo juu ajisikie mzito ndiyo inayoweza kumsaidia mzee, ilimradi isizidi kiasi. Watu 11 ni wachache, kwa hiyo nisingeichukua asilimia ile kama ahadi, lakini mwelekeo wake unaeleweka kibiolojia na hauna gharama.

Nina tahadhari mbili. Kwanza, kutanguliza nyama hakumpi mtu ruhusa ya kuongeza wali. Pili, kama mzee anachoma sindano za insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, au anatumia dawa zinazoweza kuishusha sukari kupita kiasi, mabadiliko yoyote ya mlo ayazungumze kwanza na anayemtibu. Na kama figo zake zimeshaathirika, kiasi cha nyama nacho huwa swali la daktari.

Kuna dhana moja nyingine ya kurekebisha papa hapa: si kweli kwamba nyama haigusi insulini. Katika vipimo vilivyochapishwa mwaka 1997 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, nyama ya ng'ombe iliamsha insulini kwa karibu nusu ya kiwango cha mkate mweupe wenye nishati sawa, ingawa nyama yenyewe haina kabohaidreti. Kwa mwili wenye afya hilo ni jambo jema, kwa sababu insulini pia huisaidia misuli kuipokea protini.

MCHANGIAJI WA TATU

Mleta mada unaizunguka hoja. Kama steki ina protini, chuma na vitamini, na kama mwili unaweza kujitengenezea glukosi, wanga ni wa nini? Mimi nimeacha wanga kabisa kwa miezi minane, ninakula steki na mayai, na sijawahi kujisikia vizuri hivi. Tuache kuutetea wanga kwa sababu ya mazoea.

MLETA MADA

Ninakubaliana nawe kwa kiasi kikubwa kuliko unavyotarajia. Ni kweli kwamba ini hutengeneza glukosi kutokana na protini na mabaki ya mafuta, na ni kweli kwamba ubongo, ambao kwa kawaida hutumia karibu gramu 120 za glukosi kwa siku, hujifunza kutumia nishati nyingine wanga unapokosekana. Wanga si lazima kwa maana ile ambayo vitamini C ni lazima. Siwezi pia kuubishia mwili wako.

Ninapoachana nawe ni pale unapoiweka steki peke yake kama jibu. Nyama haina nyuzinyuzi hata gramu moja, na utumbo mpana una bakteria wakazi wanaozitegemea. Viazi vilivyopikwa na maganda, nafaka zisizokobolewa na kunde huleta wanga pamoja na nyuzinyuzi, potasiamu na vitu vingine ambavyo ungelazimika kuvitafuta kwingine. Kisha kuna suala la misuli: mtu anayekimbia au kubeba vitu vizito hutumia glikojeni, ambayo mwili huhifadhi karibu gramu 400 katika misuli na karibu 100 katika ini, na njia nyepesi ya kuijaza ni kula wanga.

Tena, wanga unaosingiziwa kwamba haushibishi huwashangaza wengi. Watafiti wa Sydney walichapisha mwaka 1995 kipimo cha shibe cha vyakula 38, kila kimoja kikitolewa kwa kipimo cha kilokalori 240, na mkate mweupe ukiwekwa kuwa 100. Nyama ya ng'ombe ilipata 176. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, vikaviacha nyuma vyakula vyote vingine.

MCHANGIAJI WA TATU

Nani anakula viazi vitupu vya kilokalori 240? Hicho ni karibu theluthi moja ya kilo. Bila shaka mtu atashiba, maana tumbo limejaa maji.

MLETA MADA

Hapo umenipata, na ni haki nikiri. Sehemu kubwa ya ushindi wa kiazi katika kipimo kile ni uzito na maji yake, na mtu akikiongezea siagi au kukikaanga, kipimo kile hakimhusu tena. Nilichotaka kuonyesha ni kwamba "wanga" si kitu kimoja: kiazi cha kuchemsha na andazi la siagi vyote vina wanga, lakini katika orodha ileile andazi la siagi la Kifaransa, yaani kruasanti, lilipata 47 tu. Anayevifunga katika furushi moja hawezi kuelewa kwa nini ushauri wake unamfaa mmoja na kumwangusha mwingine.

MCHANGIAJI WA NNE

Je, ni kweli kwamba wali au viazi vilivyolala katika jokofu havinenepeshi?

MLETA MADA

Ni kweli kidogo, na imetiwa chumvi nyingi. Wanga ukipikwa kwa maji huvimba na minyororo yake hulegea. Ukipoa, baadhi ya minyororo hujipanga upya na kushikamana kiasi kwamba vimeng'enya vyetu havipenyi. Sehemu hiyo huitwa wanga sugu, nayo hupita hadi utumbo mpana, ambako bakteria huila. Kuupasha moto tena hakuiondoi yote. Lakini katika viazi ongezeko lenyewe ni la gramu chache tu kwa kila gramu 100, kwa hiyo sahani iliyojaa hubaki sahani iliyojaa.

Jambo zito zaidi ni usalama. Wali uliopikwa na kuachwa mezani kwa saa nyingi unaweza kuotesha bakteria wa Bacillus cereus, ambao mbegu zao huhimili kuchemshwa, na sumu wanayoitoa haiharibiwi kwa kupashwa moto. Wali wa kulaza utandazwe upoe upesi, uingie katika jokofu ndani ya saa moja hivi, na usikae humo siku nyingi.

MCHANGIAJI WA TANO

Mimi ni mpishi kwa kazi, na ninaona mjadala umeegemea upande wa tumbo na kuusahau upande wa kikaango. Kule steki na wanga ni marafiki wa siku nyingi. Tunapokata nyama vipande vyembamba, tunaipaka wanga laini wa mahindi kabla ya kuikaanga, nayo hutoka laini na yenye maji. Ningependa mleta mada aeleze sababu, maana mimi nilifundishwa kufanya bila kuelezwa.

MLETA MADA

Hili ndilo swali nililokuwa nikilisubiri. Nyuzi za nyama zinapopita nyuzijoto 60 hivi za Selsiasi huanza kujikunja kwa nguvu na kuyakamua maji yaliyokuwa ndani yake. Punje za wanga, kwa upande wao, huanza kuyanywa maji na kuvimba katika joto hilohilo, kati ya nyuzijoto 60 na 70 na kidogo zaidi, ikitegemea ni wanga wa mmea gani. Kwa maneno mengine, nyama huyaachia maji pale ambapo wanga huanza kuyatafuta. Ule utando mwembamba uliopaka huyapokea, hugeuka ute, na huyashikilia juu ya kipande badala ya kuyaacha yachemke kikaangoni. Kisa ni kilekile mchuzi wa steki unapomwagwa juu ya viazi vya kuponda: majimaji mekundu yanayotoka katika nyama iliyopumzishwa, ambayo si damu bali ni maji yenye mayoglobini (protini nyekundu ya misuli), hupata kitu cha kuyanywa.

Kwa steki nene mambo ni tofauti kidogo. Huko tunataka uso wake ukauke ili uwe wa kahawia, na ukahawia huo hutokana na protini kukutana na sukari chache zilizomo ndani ya nyama katika joto la karibu nyuzijoto 140 na kuendelea, jambo lililoelezwa na Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Viazi vya kukaanga hupata rangi yao kwa njia hiyohiyo, na mwaka 2002 wanasayansi wa Uswidi walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa joto kali hutengeneza akrilamidi, kemikali inayotiliwa shaka kuhusu saratani. Nyama iliyoungua nayo ina kemikali zake. Kwa hiyo rangi ya dhahabu inatosha kwa viazi, na steki iishie kahawia kabla haijafika makaa.

MCHANGIAJI WA NNE

Samahani, nirudi kwenye kiasi. Steki mara ngapi kwa wiki, na ipimwe ikiwa mbichi au imepikwa?

MLETA MADA

Shirika la World Cancer Research Fund hushauri nyama nyekundu isizidi milo mitatu hivi kwa wiki, jumla ya gramu 350 hadi 500 ikiwa imepikwa, ambazo ni sawa na gramu 500 hadi 700 hivi za nyama mbichi. Steki hupoteza karibu robo ya uzito wake motoni, ilhali mchele hufanya kinyume na kuongezeka mara mbili na nusu hadi tatu. Hapo ndipo wanaohesabu hupotea: mtu hupima nyama iliyopikwa na mchele mbichi, kisha hushangaa hesabu zinapokataa. Chagueni hali moja na mbaki nayo. Gramu 100 za wali uliopikwa zina kabohaidreti ya gramu 28 hivi, na viazi vya kuchemsha karibu gramu 20. Kwa asiye na mizani, nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe steki, robo iwe wanga.

MCHANGIAJI WA PILI

Nimerudi na habari za mzee. Daktari wake ameridhia mpangilio wa kutanguliza mboga na nyama, lakini siku mbili za kwanza mzee alikataa katakata kuutazama wali ukipoa mbele yake kwa robo saa. Alisema hiyo ni adhabu, na sisi si wazazi wake. Sasa tunachelewesha kuinjika mchele. Mboga na steki zinafika mezani wali ukiwa bado jikoni, anakula huku anaulizia, na unapoletwa ukiwa wa moto, yeye mwenyewe anapakua nusu ya ule aliozoea.

MLETA MADA

Mpe pole yangu kwa zile siku mbili. Wakati wa kupima sukari, hesabuni saa mbili kuanzia tonge la kwanza la mboga, si kuanzia wali ulipofika, ili vipimo vya wiki hii viweze kulinganishwa na vya zamani.